Aliyepigwa Hana Haki

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu Kasuku,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Mimi mzima, dada yangu mzima, paka ndiye mgonjwa lakini ni ugonjwa wa uvivu. Naandika barua kwa sababu simu yako inanikata maneno, na sikio langu la kushoto limeshastaafu. Kalamu hainikati.

Sasa sikiliza. Jana nilikwenda dukani kununua sabuni ya kuogea. Muuza duka akanipa ya boksi jipya, anasema lile la zamani limekwisha, hili ndilo linalotoka sasa. Nikalitazama. Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikavaa tena. Juu ya boksi kuna picha ya dada yangu.

Usianze kusema bibi amechanganyikiwa. Ni ileile ya msichana anayeshona kwa cherehani. Wameipaka rangi ya waridi, sijui nani aliwatuma, lakini ni yenyewe. Muuza duka anacheka, anasema, "Bibi, umeona jini?" Nikamwambia aniuzie sabuni na meno yake ayafunike.

Nilipofika nyumbani nikalisogeza dirishani. Ubavuni wameandika kwa herufi za sisimizi: "Kadi ya posta ya zamani. Hajulikani." Nani hajulikani? Dada yangu? Mtaa mzima unamjua. Mwenye nyumba anamjua. Mbwa wa jirani, ambaye hamheshimu hata anayemlisha, humpisha yeye mlangoni.

Wewe unafanya kazi ya kuchora maboksi huko mjini, hivyo utakuwa unawajua wenzako. Niambie ni nani aliyeandika neno hilo. Nataka litoke na mahali pake liwekwe jina la dada, basi, sitaki kingine. Boksi nimelificha kabatini chini ya mashuka. Yeye anaiogea sabuni hiyo kila siku na kuisifu harufu yake, wala hajui. Macho yake siku hizi yanaona mwanga wa dirisha tu. Anayemsomea kila kitu ni mimi, na neno hilo mimi sitamsomea.

Ni mimi bibi yako


Tarehe 12 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mpe shikamoo bibi mkubwa pia. Nafurahi mko wazima, na paka umwambie aache kujidekeza.

Boksi hilo nimeliona. Ni picha nzuri sana ya bibi mkubwa, kila mtu hapa aliipenda. Nani aliandika neno hilo kwa kweli ni vigumu kusema, maana boksi moja linapita mikono mingi: yupo wa rangi, yupo wa herufi, yupo wa kukagua. Ninachojua ni kwamba picha za kadi za zamani namna hiyo kwa kawaida hazina mwenyewe, ndiyo maana viwanda vinazipenda.

Ukitaka kuuliza rasmi, andika kwa Afisa wa Haki na Vibali wa kiwanda cha sabuni. Anwani nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ila ningekuwa wewe, bibi, ningeliacha. Ni boksi tu, sabuni ikiisha linatupwa.

Na ukiandika, usinitaje.

Mjukuu wako,
Kasuku


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kwa Bwana wa Haki na Vibali,

Salamu. Mimi ni mshonaji. Nimeshona kola na mikono ya mashati tangu nikiwa na kiuno, na mpaka leo nashona, ila sindano natungiwa.

Picha mliyoweka kwenye boksi la sabuni ni ya dada yangu. Hamkumwomba. Mmeichukua, mmeipaka rangi, halafu mmeandika "hajulikani". Ungeona vipi wewe nikivaa shati lako sokoni na mgongoni nimeandika sijui ni la nani?

Nimeambiwa picha za zamani hazina mwenyewe. Mwenyewe yupo. Toeni neno hilo, wekeni jina lake. Jina nitawapa mkiniandikia kwa adabu.

Bibi wa cherehani


Tarehe 27 Machi

YAH: PICHA YA BOKSI LA SABUNI

Mama Mheshimiwa,

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa kuwa mteja wetu.

Picha uliyoitaja ilipatikana mtandaoni, katika mkusanyiko wa kadi za posta za zamani. Tunapenda kukufahamisha kwamba kisheria hakimiliki ya picha ni ya mpigaji. Aliyepigwa hana haki. Kwa kuwa mpigaji hajulikani, na kwa kuwa zaidi ya miaka hamsini imepita tangu kadi hiyo kutolewa, ulinzi wake umekwisha. Sasa ni mali ya umma, na mtu yeyote anaweza kuitumia apendavyo bila kuomba ruhusa.

Kwa kuthamini hisia zako, tunakutumia katoni moja ya sabuni.

Wako mtiifu,
Afisa wa Haki na Vibali


Jumatano, tarehe 2 Aprili

Bwana Vibali,

Barua yako nimeisoma. Nikadhani ni miwani, nikampa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, naye akaisoma, akakohoa, akasema ana chungu jikoni. Kwa hiyo kosa si langu.

Unasema mwenye haki ni mpigaji na aliyepigwa hana haki. Mwanangu, mama yako anajua unaandika maneno haya na kuyapiga muhuri? Umri wote huu nimeishi nikijua anayepiga ndiye anayeshikwa. Tena nani kakwambia kuna mtu alipigwa? Siku ile hakuna aliyenigusa hata kwa ukucha. Halafu unasema mpigaji mwenyewe hamumjui. Yaani mmempa haki mtu msiyemjua, akipita mtaani na fimbo yake mtamwamkia.

Hayo nilikuwa tayari kuyameza. Lakini ukaendelea, ukaniita mali ya umma. Mimi niliolewa na mwanamume mmoja, fundi viatu, nikamvumilia na harufu ya gundi mpaka nikamzika. Mtaa huu una midomo kuliko milango, na hakuna aliyewahi kunisema. Leo nakaa kwenye kiti changu naletewa barua kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia apendavyo. Ungekuwa karibu ungemfahamu mpigaji.

Na kama mlituvua mtandaoni, sisi si dagaa.

Katoni ya sabuni imefika. Sijui mlikuwa na maana gani, kwamba nanuka? Nimeiweka chini ya kitanda, siigusi. Dada anaigusa. Kila asubuhi anauliza hizi sabuni zote zimetoka wapi, nami namwambia muuza duka amepata moyo.

Neno halijatoka.

Bibi wa cherehani


Tarehe 11 Aprili

YAH: UFAFANUZI

Mama Mheshimiwa,

Ninaomba radhi kutoka moyoni. "Kupiga" katika barua yetu ni kupiga picha. Mpigaji ni aliyeshika kamera, na aliyepigwa ni anayeonekana pichani. "Mali ya umma" ni picha, siyo mtu. Hatukukusudia kuigusa heshima yako wala ya ndoa yako.

Hata hivyo nimechanganyikiwa kidogo. Barua yako ya kwanza inasema picha ni ya dada yako. Ya pili inaelekea kusema ni yako. Mkuu wangu wa kazi ameniuliza ni ya nani, nami nimeshindwa kumjibu. Tafadhali chagua mmoja.

Lakini hata ukichagua, kisheria halibadiliki jambo, kwa sababu tunachohitaji ni mpigaji. Kama unamfahamu, tuandikie jina lake na tarehe aliyofariki. Mpigaji akijulikana, miaka hamsini haihesabiwi tena tangu kadi ilipotoka, inahesabiwa tangu alipofariki yeye.

Nimejitahidi kuandika kwa lugha nyepesi kama nilivyoombwa na mbunifu wa boksi hilo, ambaye amenifahamisha kwamba ni mjukuu wako.

Wako mtiifu,
Afisa wa Haki na Vibali


Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Bwana Vibali,

Sasa umeandika kama mtu aliyelelewa.

Unataka tarehe aliyofariki mpigaji. Mpigaji yuko ukumbini anasikiliza redio. Amekunywa chai vikombe viwili na anauliza cha tatu. Kama una haraka na kifo chake, basi kaa kitako, kwa sababu kwao hawafi mapema, nami ndiye ninayejua kwa kuwa kwao ndiko kwetu.

Nilisema tangu mwanzo: picha ya dada yangu. Ni ya dada yangu kwa sababu aliipiga dada yangu. Kwenye kiti niko mimi. Nyie mkisikia picha ya mtu mnatafuta sura yake tu. Nikikwambia hili ni shati la mshonaji fulani, utamtafuta ndani ya mifuko? Hakuna cha kuchagua hapo. Picha ni yake, sura ni yangu, ubishi ni wenu.

Jina lake la kazi ni Kimulimuli. Andika hilo.

Na ahsante kwa habari za mjukuu wangu.

Bibi wa cherehani


Jumatatu hiyohiyo

We Kasuku,

Salamu sina.

Kumbe boksi linapita mikono mingi. Mkono wa rangi, mkono wa herufi, mkono wa kukagua, na yote mitatu ni yako. Nimekulea, nimekubeba mgongoni nikishona, ukanikojolea kola za watu, leo unanitumia anwani ya kiwanda ili nigombane na mtu baki huku wewe umejibanza nyuma ya mlango unaniambia usinitaje. Mimi nimemtaja Mungu tu.

Na usiniambie ulidhani aliye pichani ni bibi mkubwa wako. Lakini najua ndivyo ulivyodhani, maana Bwana Vibali naye alidhani hivyo. Sura yangu hii umeitazama tangu hujajua kukaa, ukaipaka rangi ya waridi na hukuitambua. Najua, nilikuwa na mashavu. Hata hivyo.

Nikueleze, kwa kuwa nyumba hii hamna aliyewahi kuuliza. Dada alikuwa mfagizi katika studio ya picha. Mwenye studio alikuwa mtu mnene, hapendi kuingia chumba cha giza kwa sababu kulikuwa na joto, akamfundisha dada kusafisha picha ili yeye akae nje apate upepo. Dada alikuwa akitoka humo anapepesa macho na kitaa chake chekundu mkononi, wateja wakamwita Kimulimuli. Mimi nilikuwa najifunza kushona katika baraza ya jirani, kwa fundi mmoja mwenye mdomo.

Siku moja mwenye studio alikwenda kung'olewa jino. Dada akaikokota kamera yenyewe ya miguu mitatu mpaka barazani, akaniambia, "Kaa. Usinitazame mimi, tazama sindano." Nikamwambia tutafukuzwa sote. Akasema, "Shona, huyo jino lake lina mizizi." Ndiyo hiyo picha.

Mwenye studio aliporudi na shavu limevimba akaiona, baadaye tukasikia ameiuza kwa wenye kadi. Tuliikuta duka la vitabu, imepangwa dirishani na picha za maua. Tukasimama pale mimi na yeye. Akarudi kazini akafagia. Na mpaka leo hajasema neno juu yake, nami sijawahi kumuuliza, kwa sababu dada yangu ukimgusa penye kidonda anakuimbia wimbo wa redio.

Sasa unafahamu kwa nini neno lile sitamsomea. Mara ya kwanza hawakuandika kitu. Mara ya pili wameandika hajulikani, na aliyeandika ni mjukuu wake.

Litoe.

Bibi yako, kwa hasira


Tarehe 29 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Sikuwa na ujasiri wa kukuandikia mapema. Boksi hilo ni kazi yangu ya kwanza kupewa peke yangu. Picha niliitafuta mimi, nikaichagua mimi kati ya kadi nyingi, na sikujua kwa nini yenyewe ndiyo ilikuwa ikinirudisha. Nilisema ni ule mkao wa shingo. Ulipoandika kwamba ni ya bibi mkubwa nikaogopa. Niliona mkiipata haki mtasimamisha maboksi yote, na mimi nitarudi kwako kuvuta nyuzi za mashati. Nikaficha. Nisamehe.

Neno lenyewe awali lilikuwa "Mpiga picha hajulikani". Ubavu wa boksi haukutosha. Nikatoa "mpiga picha" nikabakisha "hajulikani", nikadhani kila mtu ataelewa. Hakuna aliyeelewa hata mmoja. Mkuu wa mauzo alidhani ni jina la manukato.

Sasa habari njema. Afisa amewaeleza wakubwa kwamba mpigaji yu hai. Kumbe akiwa hai na anajulikana, picha siyo ya kila mtu, ni yake, na bila kibali chake kiwanda hakiruhusiwi kuitumia. Wamekaa kikao kirefu. Mmoja aliuliza kama Kimulimuli ni mtu au ni mdudu. Mwisho wamekubali: jina litawekwa, na bibi mkubwa atoe kibali kwa maandishi. Boksi jipya la mfano liko ndani ya bahasha hii. Angalia ubavuni. Imeandikwa "Picha: Kimulimuli", na herufi nimezikuza.

Msomee, bibi. Halafu mniandikie kwamba amekubali. Afisa anangoja kabla ya mashine kuwashwa.

Mjukuu wako,
Kasuku


Ijumaa, tarehe 2 Mei

Kasuku,

Marahaba. Nimekusamehe nusu. Soma mpaka chini ujue kwa nini si yote.

Boksi limefika. Nikamzimia redio, akanuna. Nikamwambia, "Dada, nina kitu cha kukusomea." Akasema kama ni bili nimsomee paka. Nikamweleza yote, tangu muuza duka mpaka Bwana Vibali na fimbo zake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwekea boksi mkononi.

"Wameandika nini?"

"Picha: Kimulimuli."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akalipitisha kidole ubavuni pole pole, ingawa herufi za boksi hazishikiki. Nikaona mdomo unamcheza. Nikajisemea sasa atalia, nami nitafanya nini, leso iko kambani. Hakulia. Akauliza, "Miguu imetoka vizuri?"

"Miguu gani?"

"Yako. Kwenye pedeli."

Nikachukua boksi nikaligeuza huku na huku. Kasuku, mimi nimelitazama boksi hilo tangu Machi, nimetazama sura, nimetazama neno, sikuwahi kutazama chini. Picha inaishia kiunoni. Chini ya kiuno kuna jina la sabuni na mapovu.

"Haipo," nikamwambia.

"Haipo kwa vipi? Niliipiga miguu."

"Wameikata."

Halafu akanisukumia boksi. "Cherehani ya miguu isiyo na miguu ni meza. Umekaa mezani unangoja nini, uji? Hiyo siyo picha yangu. Waambie waandike hajulikani."

Nikamwambia, "Dada, nimegombana na kiwanda kizima kwa ajili ya jina hili."

Akasema, "Hukuniuliza."

Kweli sikumuuliza. Nikakaa. Baadaye ndipo akasema lile ambalo tangu siku ile ya jino hajawahi kulisema. Mimi asubuhi ile nilikuja kushona peku. Jozi ya viatu tulikuwa nayo moja, ya kwake, ya kazini, mikubwa. Akaivua, akanivisha, akanifunga kwa uzi wa cherehani kwa kuwa kamba zilikatika. Viatu vyenyewe nakumbuka, kuvaa nilivaa mimi. Nisichojua ni kwamba alirudi nyuma na kamera mara tatu ili vionekane, na mara ya mwisho akakanyaga msumari kwa kuwa yeye ndiye alikuwa peku. Kovu ninalijua, nimelipaka dawa siku nyingi. Siku zote aliniambia ni chupa.

"Ndani ya picha ile nilikuwemo," akasema. "Nilikuwemo kwenye viatu. Wameniacha nje."

Halafu akawasha redio, akaimba nayo.

Sasa sijui nikwambie nini. Nimezoea kujua. Neno nililotaka litoke limetoka, na yeye ndiye anayetaka lirudi. Nani aliyekata?

Bibi yako


Tarehe 13 Mei

YAH: KIBALI CHA MPIGAJI

Mama Mheshimiwa,

Mjukuu wako amenisomea barua yako. Nimeisikiliza mara mbili, na ninaomba kueleweshwa.

Mwanzo mlitaka jina liwekwe. Tumeliweka. Sasa mnataka liondolewe. Je, Mama Kimulimuli anakana kwamba ndiye mpigaji? Ninauliza kwa sababu akikana, mpigaji atakuwa hajulikani tena. Akiwa hajulikani, picha inarudi kuwa mali ya umma, nasi tunaweza kuiendeleza kama ilivyo, bila miguu. Nimewaeleza hivyo wakubwa nao wamefurahi, lakini mimi sikufurahi na sijui sababu.

Tafadhali tupatieni jibu moja, kwa maandishi, kutoka kwake mwenyewe.

Wako mtiifu,
Afisa wa Haki na Vibali


Tarehe 13 Mei, ndani ya bahasha hiyohiyo

Bibi,

Shikamoo. Niliyekata ni mimi.

Boksi lilikuwa fupi, na jina la sabuni sharti likae chini. Lakini si hilo tu. Viatu niliviona. Nilisema vinaharibu: vikubwa, vimefungwa uzi, mtu atadhani sabuni yetu ni ya maskini. Nikakata. Leo nimeifungua ile picha nzima kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka fundo la uzi likajaa kioo chote. Ni fundo lako, bibi, kumbe ni la bibi mkubwa. Lile la kurudi nyuma mara mbili, ulilonichapa nalo vidole mpaka nikaliweza.

Kibali kisipokuja, boksi litabaki hivi hivi. Sijui kama nina haki ya kuwaombeni chochote.

Kasuku


Jumapili, tarehe 18 Mei

Bwana Vibali,

Naandika mimi, Kimulimuli. Mkono ni wa mdogo wangu, maneno ni yangu. Akiongeza lake nitamjua, maana akishindwa kujizuia kalamu yake hukwaruza.

Sikukana. Nilisema ile mliyoikata siyo yangu, na mpaka sasa siyo. Niliyoipiga mimi ina sura, ina cherehani, ina miguu, na ina viatu. Sura na miguu ni vya mdogo wangu. Viatu ni vyangu. Cherehani ilikuwa ya fundi, naye alishakufa, msianze kumtafuta.

Ikiwa nzima ni yangu, na kibali nakupa. Ikikatwa ni ya aliyekata, mwandikeni jina yeye. Ni mjukuu wetu, anajulikana.

Rangi ya waridi mimi siioni, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Mdogo wangu anao. Ongeeni naye.

Umetaka maandishi kutoka kwangu mwenyewe. Mkono wangu unaandika, lakini mstari siuoni, nitakuandikia mezani. Kwa hiyo nimebonyeza kidole pale chini kwenye wino wa muhuri wa mwalimu. Kimetoka?

(Kimetoka. Kimepinda kidogo.)

Nimesikia inakwaruza.

Nimeambiwa pia haki yangu itakwisha miaka hamsini baada ya mimi kufa. Sina haraka.

Boksi likiwa fupi, lirefusheni.

Mpigaji,
Kimulimuli

Kwa mkono wa aliyepigwa